Naogopa kwenda ustawi wa jamii, nisije nikanyang'anywa watoto wa marehemu dada yangu

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi kijijini wilaya ya Tandahimba, nina mume na watoto wangu wawili. Dada yangu alifariki mwaka juzi akaacha watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka 13, yuko darasa la saba. Wa pili ni mvulana wa miaka 9. Wa mwisho ana miaka 3, mama yake alimwacha bado ananyonya.

Baba yao yupo hai. Yuko Newala, ana mikorosho yake na ameoa mke mwingine. Yeye na marehemu hawakufunga ndoa, waliishi tu pamoja miaka mingi, na kila mtu anajua watoto ni wake. Hata akika ya yule mvulana aliichinja yeye mwenyewe. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, mjomba wetu akasema watoto ni wa upande wetu, hawaendi kulelewa na mama wa kambo. Nikapewa mimi. Sikukataa Shangazi, ni damu yangu. Baba yao alikuja mara moja wakati wa msimu wa korosho, akaleta mfuko wa unga na sare ya mvulana. Tangu hapo akipigiwa simu anajibu, "Si mlisema watoto ni wenu?"

Sasa dada wa huyo baba, anayeishi Dar es Salaam, amempigia mjomba. Anataka msichana apande basi mara tu akimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, eti atamtafutia mahali pa kujifunza cherehani. Lakini binti wa jirani yetu alichukuliwa na mama huyohuyo kwa maneno hayohayo, na leo ni dada wa kazi kwenye nyumba ya watu, mwaka wa pili huu hajarudi hata kwa Idi. Mjomba ameshakubali. Anasema mtoto ameshachezwa unyago, ni mkubwa, na mimi nitapungukiwa mzigo. Mtoto mwenyewe hasemi kitu. Ila juzi nilimkuta amekaa barazani na madaftari yake ambayo hayajaisha kurasa, anafuta jina lake juu na kuandika la mdogo wake.

Nilikwenda kwa kiongozi mmoja wa kijiji, akaniambia mambo ya ukoo yaishie kwenye ukoo. Mwenzangu wa vikoba akanishauri niende ustawi wa jamii. Wengine wakanitisha kwamba ustawi wakijua watoto hawana mama na baba hawahudumii, wanawabeba kuwapeleka kituo cha yatima, na mimi nitaulizwa nimewapata wapi maana sina karatasi yoyote. Huyu mdogo hata cheti cha kuzaliwa hana, nina kadi yake ya kliniki tu, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo sandukuni. Mume wangu hajanigombeza hata siku moja, ila siku hizi chakula kikitengwa namwona anavyozitazama sahani.

Nikienda ustawi nitawakosa watoto? Nisipokwenda huyu msichana ndiyo nimempoteza? Na mjomba nitamtazama vipi?

Mama wa Watano, Tandahimba

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hapo kwenye madaftari nimesimama kwa muda. Huyo mtoto ameshajiaga mwenyewe, hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba ana haki ya kubaki. Kwa hiyo nianze na habari ya basi, maana ndiyo yenye tarehe.

Haendi. Mwambie leo hii, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, ili alale usingizi. Ana miaka 13. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi ya ajira, na hata akiufikia ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kuamka alfajiri, kufua, kupika na kulea watoto wa watu mpaka usiku haimo katika kazi nyepesi. Tena ipo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Chini ya sheria hiyo, mtu akimsafirisha mtoto ili akatumikishwe hawezi kujitetea kwamba mtoto alikubali mwenyewe.

Huyo wifi wa marehemu simjui, na sitamhukumu kwa barua moja. Lakini anapimika kirahisi. Mahali pa kujifunza cherehani pana jina, pana mtaa, pana fomu ya kujiunga, na pana mtu wa kupokea simu. Mwombe hivyo vyote kupitia mjomba. Akianza kusema "aje kwanza, mengine tutayaona hukuhuku", umeshapata jibu lako.

Halafu kuna matokeo. Mtihani wa darasa la saba ukifanyika mwezi wa tisa, matokeo hutoka baadaye na waliochaguliwa huanza kidato cha kwanza Januari. Shule za sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016. Anayempakia mtoto kwenye basi kabla ya matokeo ameshaamua kwamba amefeli, na karatasi yake haijasahihishwa bado. Hivi ndivyo mabinti wengi wa kusini wanavyopotea, katika ile miezi michache kati ya mtihani na Januari, mtoto hayupo shule yoyote na hakuna mwalimu anayeita jina lake asubuhi. Kwa hiyo nenda kwa mwalimu mkuu sasa, kabla ya mtihani, umweleze kinachopangwa. Mwalimu akijua mapema, mtoto asipoonekana atauliza.

La mjomba kwamba ameshachezwa nalijibu kwa heshima, maana unyago ni wetu na mimi siuchezei. Unyago unamfunza binti usafi, adabu na namna ya kuishi na watu, lakini haumwongezei mwaka hata mmoja. Aliingia ana umri wake na akatoka na uleule. Kwa sheria ya nchi hii ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na somo yake aliyemfunda atakwambia hivyohivyo kwamba hakumfunda ili akawe mtumishi wa watu asiowajua.

Mfundishe msichana namba 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, hailipiwi, inapigwa mtandao wowote mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Aikariri kichwani, asiiandike kwenye karatasi ya kupotea. Na ikitokea wakataka kumchukua kwa nguvu au kwa kuvizia umekwenda shamba, kimbilia Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.

Sasa ustawi. Naelewa hofu yako, kwa sababu watu wengi humwona afisa ustawi siku mambo yameshaharibika, mtoto ameumizwa, polisi wamefika. Wanachokumbuka ni gari na mtoto anayelia. Lakini kazi kubwa ya ofisi hiyo ni hii yako: mtoto yuko kwa ndugu wanaompenda, ndugu wamebanwa, na kuna mtu anayekwepa wajibu wake. Afisa hawezi kuwabeba watoto kwa sababu wewe huna hela. Mtoto hutolewa nyumbani pale anapokuwa katika hatari ya kudhuriwa, na shauri hilo hupelekwa mahakamani, haliishii mezani kwa afisa. Makao ya watoto ni mahali pa mwisho, pale ambapo hakuna ndugu wa kumlea. Wewe ndiye ndugu huyo. Ukienda unaandikishwa kuwa mlezi anayejulikana. Usipokwenda ndipo unabaki mtu asiye na karatasi, na mtu asiye na karatasi ndiye anayenyang'anywa na yeyote mwenye sauti kubwa.

Ofisi iko halmashauri ya wilaya. Kama kata yenu haina afisa ustawi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata akuunganishe. Utaulizwa majina ya watoto, umri, wanasoma wapi, mama alifariki lini, baba yuko wapi, anatoa nini. Afisa atafungua jalada, na anaweza kuja kwako kuona watoto wanalala wapi na wanakula nini. Usihangaike kuazima magodoro ili nyumba ionekane imejaa. Aone hali ilivyo, kwani msaada hupangwa kutokana na kile alichokiona. Akitaka kuongea na watoto wenyewe pembeni, waache waongee. Sheria inawapa watoto haki ya kutoa maoni yao katika mambo yanayowahusu, na huyo wa miaka 13 ana mengi ambayo kwako hawezi kuyasema kwa kukuonea huruma.

Aliyekwambia mambo ya ukoo yaishie kwenye ukoo hakukusaidia, na nadhani anahitaji kukumbushwa kazi yake. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kifungu kinachofuata, cha 95, kinamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba mzazi ana uwezo lakini hamhudumii mtoto wake kwa chakula, mavazi, matibabu au elimu, atoe taarifa. Pia vijiji na kata zinatakiwa kuwa na Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017. Uliza kwenu wajumbe ni kina nani. Mara nyingi yumo mwalimu, mhudumu wa afya au kiongozi wa dini unayemfahamu tayari, na kumfikia yeye ni rahisi kuliko kubisha hodi ofisi ya mtu usiyemjua.

Nije kwa huyo baba wa Newala, maana jibu lake limenikera kweli. "Si mlisema watoto ni wenu?" Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, mtoto kuhesabiwa upande wa mama na mjomba kuwa na kauli si jambo geni. Kikao cha ukoo wenu kilikuwa na haki ya kuamua watoto walale wapi. Hakikuwa na uwezo wa kumfuta baba, kwa sababu haki ya kutunzwa si ya ukoo, ni ya mtoto. Hakuna mjomba anayeweza kuisamehe kwa niaba yake. Baba huyu ameigeuza mila yetu kuwa kichaka cha kujifichia, na watu wazima wa ukoo wamekaa kimya.

Ukishatoa taarifa, afisa ustawi anaweza kumwita. Wengi hulegea hapohapo, wakiona barua yenye muhuri. Mkikubaliana, yaandikwe, asaini mbele ya afisa na wewe ubaki na nakala. Akikataa, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na kwa matunzo sheria haikubagui: ndugu wa mtoto anaweza kuomba, na afisa ustawi pia anaweza. Kutokufunga ndoa hakumwokoi. Akidai watoto si wake, mahakama inaangalia kama jina lake limo katika daftari la vizazi, kama alifanya mambo ya kimila anayoyafanya baba, kama alikubali hadharani, na ikibidi kipimo cha vinasaba. Akika uliyoniandikia kwa mstari mmoja ni ushahidi mzito. Nani walikuwepo? Nani alisoma dua? Andika majina yao sasa, wakiwa bado wanakumbuka.

Kwenye kiasi, usiende na hesabu ya mtu wa mshahara. Mkulima wa korosho ukimdai kila mwezi sawasawa, Machi atakuwa hana kitu na makubaliano yatavunjika. Minada huanza Oktoba hivi, na malipo yake yanapitia chama cha msingi hadi akaunti ya benki. Maana yake ni kwamba kilo alizopeleka zimeandikwa, hawezi kusema hakupata. Mwambie afisa mpange fungu kubwa liingie ndani ya msimu, lilipie sare, madaftari, viatu na mahitaji ya kidato cha kwanza kabla ya Januari, kisha kiasi kidogo cha chakula kwa miezi iliyobaki. Mahakama nayo, ikifika huko, inatazama kipato chake, watoto wengine alionao na gharama za maisha za eneo lenu. Na akianza kutoa, mwacheni aje kuwaona watoto wake. Haki ya mtoto kumjua baba yake haikufa na mama.

Karatasi. Toa hiyo kadi ya kliniki sandukuni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mikoa ya Lindi na Mtwara imo katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wa kusajili na kutoa cheti cha kuzaliwa bila malipo, kwenye vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za kata. Ana miaka 3, muda upo lakini hausubiri. Akivuka 5 utaingia njia ya wakubwa wake, yaani kwa msajili wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na huko kuna ada na vielelezo zaidi. Fuatilia pia cheti cha kifo cha marehemu. Najua ni karatasi inayouma kuishika. Lakini hao watoto wakija kuomba mkopo wa elimu ya juu wataulizwa uthibitisho kwamba mama alifariki, na kuutafuta baada ya miaka 10 ni mateso makubwa kuliko kuutafuta sasa. Na wewe mwenyewe, mwulize afisa ustawi kuhusu kuomba mahakamani amri ya kuwalea. Hiyo ndiyo itakayozima maneno ya "umewapata wapi".

Kuhusu sahani anazozitazama mumeo: usimnunie. Amekubali watoto watatu wasio wake bila kelele, wanaume wa hivyo si wengi, na hofu yake ni ya kweli. Mshirikishe. Mwende naye halmashauri kama anaweza, asikie kwa masikio yake kwamba baba yao ataitwa. Msaada wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini usiuweke kwenye mahesabu ya mwezi huu, kwani majina hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji zoezi linapofika, si siku unayokwenda kuomba. Likifika, uwepo mkutanoni na useme kwamba kaya yako ina yatima watatu. Matibabu ya huyo mdogo kwenye vituo vya serikali ni bure mpaka afikishe miaka 5. Wakubwa wake wakiugua na huna kitu, hospitali kubwa kama Ligula ya Mtwara zina afisa ustawi wake, omba kumwona yeye kabla ya kukata tamaa dirishani kwa mhasibu.

Mjomba umwendee kabla hujaenda wilayani, asije akasikia barabarani. Usiende peke yako, na usiende siku ana wageni. Nenda na mtu mzima anayemsikiliza, mkewe akiwepo ni bora zaidi. Usimwambie amekosea. Mwambie, "Mjomba, ulisema watoto ni wetu, na mimi nimelishika neno lako. Sasa nataka waandikwe wetu kwa karatasi, na baba yao atoe haki yao. Nakuomba unisindikize." Akikubali, umepata shahidi wa kikao cha arobaini na mtu ambaye baba wa Newala hawezi kumjibu ovyo. Akikataa, nenda hivyohivyo. Kumheshimu mjomba hakukulazimishi kumkabidhi mtoto.

Inaweza kutokea ukaambiwa "njoo wiki ijayo" zaidi ya mara moja. Kila unapofika uliza jina la aliyekuhudumia na tarehe ya kurudi, viandike mbele yake. Ukizungushwa, panda kwa mkuu wa idara, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri. Uliza pia msaidizi wa kisheria wa eneo lenu. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanamhudumia asiye na uwezo bila malipo, na wanajua kuandika maombi ya matunzo yakasomeka mahakamani.